SOMO LA MWEZI: MTOTO MWENYE HOMA KALI AMEKOJOA LINI MARA YA MWISHO?

Katika masomo yaliyopita tulizungumzia malaria, kuhara na homa ya mapafu. Leo tunazungumzia jambo linaloweza kumpata mtoto mwenye ugonjwa wowote kati ya hayo matatu, nalo ni kuumia kwa figo.

Kuna familia ambazo hazijawahi kufikiria figo za mtoto. Tumezoea kusikia kwamba figo ni ugonjwa wa wazee, au wa watu wenye kisukari na presha. Lakini mtoto wa mwaka mmoja mwenye homa kali anaweza kuumia figo ndani ya siku moja au mbili. Jambo la kutia moyo ni kwamba wengi hupona wakiwahiwa. Na mtu wa kwanza anayeweza kugundua si daktari, ni wewe unayebadilisha nepi.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
1. Kueleza kwa nini maambukizi makali huumiza figo za mtoto.
2. Kufuatilia mkojo wa mtoto mgonjwa ukiwa nyumbani, bila kifaa chochote cha hospitali.
3. Kujua ni wakati gani usisubiri asubuhi.
4. Kujua dawa na mambo yanayoweza kuzidisha madhara.

1. KISA KILICHONIFUNDISHA

Kabla ya somo naomba niungame kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kujitolea miezi michache tu. Jioni moja mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Kampala aliniita nimwone mwanawe wa miaka miwili. Mtoto alikuwa na homa kwa siku ya pili. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilihesabu pumzi zake. Niliuliza kama anakula, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Mama alijibu kwamba anakunywa maji kidogo na hajapata degedege. Niliwaambia wamfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, wampe parasetamoli, na asubuhi waende kituo cha afya. Nikaaga nikaenda kulala.

Usiku wa manane walinigongea mlango. Mtoto alikuwa amelegea, haitiki akiitwa, na anapumua kwa nguvu. Tulipanda boda hadi kituo cha afya, na kutoka hapo tukapelekwa hospitali. Muuguzi aliyetupokea aliuliza swali moja ambalo sikulitegemea: "Mama, mtoto amekojoa lini mara ya mwisho?"

Mama alinitazama mimi. Mimi nilimtazama yeye. Bibi wa mtoto, aliyekuwa amebeba mfuko wa nguo, ndiye aliyejibu. Alisema, "Tangu jana mchana nepi zake ni kavu. Mimi nilifurahi, maana sabuni ya kufulia ilikuwa imekwisha."

Ile jioni nilipowatembelea, nepi za mtoto zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba juu ya kichwa changu. Zilikuwa mbili tu, kwa siku nzima. Nilikaa chini yake karibu nusu saa na sikuuliza.

Vipimo vya damu vilionyesha kwamba figo zilikuwa zimeumia. Mtoto alilazwa siku kumi na mbili. Tunamshukuru Mungu alipona, na leo anacheza na wenzake, ingawa bado anarudishwa kupimwa presha na mkojo. Siku hizo kumi na mbili mama yake hakufanya kazi, na wadogo zake walilelewa na majirani. Huenda tungekwenda hospitali saa kumi na mbili mapema zaidi kama mtu mmoja angeuliza swali lile.

2. FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Kila mtu ana figo mbili. Zina umbo la punje ya haragwe, na zimekaa nyuma, upande wa mgongo, moja kulia na moja kushoto, chini kidogo ya mbavu. Figo ya mtu mzima inalingana na ngumi yake, na ya mtoto ni ndogo kulingana na mwili wake.

Fikiria chujio la chai. Majani hubaki juu, chai hupita. Figo nazo huchuja damu mchana na usiku. Huhifadhi kile ambacho mwili unahitaji na kutoa taka pamoja na maji ya ziada. Hayo yanayotolewa ndiyo mkojo. Figo pia husawazisha chumvi mwilini, husaidia kurekebisha presha, na husaidia kutengeneza damu.

Ili chujio lifanye kazi, lazima chai imiminwe juu yake. Hivyo hivyo figo huhitaji damu nyingi iingie kwa nguvu ya kutosha. Damu ikipungua nguvu, mkojo hupungua. Hali hiyo ikiendelea kwa saa nyingi, figo zenyewe huanza kuumia.

Figo zikishindwa, taka na maji hubaki mwilini. Mtoto huvimba, huanza kusinzia, hupumua kwa nguvu. Chumvi aina ya potasiamu inaweza kupanda katika damu mpaka ikasimamisha moyo.

3. SEPSISI NI NINI, NA KWA NINI HUUMIZA FIGO?

Vijidudu vikiingia mwilini, mwili hupigana navyo. Kwa kawaida vita hivyo hubaki sehemu moja, kwa mfano kwenye kidonda au kwenye mapafu. Lakini mara nyingine mwili hupigana kwa nguvu kupita kiasi, mpaka unaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Hali hiyo ndiyo huitwa sepsisi. Watu wengine huiita sumu ya damu.

Sepsisi inaweza kuanzia kwenye homa ya mapafu, kuhara, kidonda, jipu, maambukizi ya njia ya mkojo, au kitovu cha mtoto mchanga. Kwa makadirio ya dunia nzima ya mwaka 2017, watu wapatao milioni 49 walipata sepsisi, na karibu milioni 20 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa hiyo si ugonjwa wa nadra. Tofauti ni kwamba sisi huwa tunautaja kwa jina la ugonjwa ulioanza, yaani nyumonia au kuhara, na hatutaji kilichofuata.

Katika sepsisi mishipa midogo ya damu hulegea na kuvuja. Presha hushuka. Mwili huamua kupeleka damu kwanza kwenye ubongo na moyo, na figo hupata mabaki. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na kifua cha moto huku mikono na miguu yake ni baridi, na nepi yake ni kavu.

Malaria kali nayo huumiza figo kwa njia inayokaribiana. Vimelea huziba mishipa midogo, na chembe za damu zinazopasuka humwaga rangi yake ambayo ni sumu kwa figo. Mzazi akiwa nyumbani hawezi kujua kama ni malaria kali au ni sepsisi, na mara nyingine mtoto huwa na vyote viwili. Kwa ajili ya figo, hatua za kuchukua nyumbani ni zile zile.

Watoto walio katika hatari zaidi ni hawa:
- mtoto mchanga, hasa chini ya mwezi mmoja;
- mtoto mwenye utapiamlo;
- mtoto mwenye selimundu;
- mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI;
- mtoto anayehara au kutapika sana;
- mtoto aliyekwisha kupewa dawa nyingi kabla ya kufika kituoni.

4. YALIYOONEKANA MULAGO NA JINJA

Madaktari na watafiti wa hapa Uganda wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kati ya 2014 na 2017 waliwafuatilia watoto karibu 600 wenye malaria kali waliolazwa katika Hospitali ya Mulago hapa Kampala na katika hospitali ya Jinja. Walipopima damu, walikuta kwamba zaidi ya watoto 4 katika kila 10 walikuwa wameumia figo. Na wengi wa hao walifika hospitalini figo zikiwa tayari zimeumia.

Tafadhali soma sentensi hiyo ya mwisho mara ya pili. Figo hazikuumia wodini. Ziliumia nyumbani au njiani, wakati familia bado inasubiri homa ishuke. Watoto walioumia figo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki, na baadhi ya waliopona waliendelea kuwa na figo dhaifu baada ya kuruhusiwa kutoka.

Upande wa mashariki mwa Uganda, kama vile Mbale na Soroti, madaktari wameona pia watoto wengi wanaokojoa mkojo mweusi wakati wa homa. Kwa hiyo tunapozungumzia figo za watoto, tunazungumzia jambo la nchi hii tunamoishi.

5. JINSI YA KUFUATILIA MKOJO NYUMBANI

Mtoto akianza kuwa na homa kali, anza kuhesabu mkojo siku hiyo hiyo. Usingoje azidiwe.

(a) Andika saa. Chukua karatasi, kalamu, au hata mkaa ukutani. Kila mtoto anapokojoa, andika saa. Kama hujui kuandika, weka punje ya hindi kwenye kikombe kila anapokojoa. Tumia kikombe kimoja cha mchana na kingine cha usiku.

(b) Tazama kiasi. Nepi ni nzito au ina unyevu kidogo tu? Mtoto mkubwa akojoe kwenye kopo moja lile lile, ili uone linajaa kiasi gani.

(c) Tazama rangi. Mkojo mzuri ni mweupe au wa manjano hafifu. Manjano iliyokolea ina maana maji yamepungua mwilini. Rangi ya chai ya rangi, ya Coca-Cola au ya damu ni hatari. Kimbia kituoni hata kama mkojo ni mwingi.

(d) Kwa mtoto anayehara. Mkojo huchanganyika na kinyesi na ni rahisi kudanganyika. Mkunjie kitambaa kidogo kikavu upande wa mbele ndani ya nepi, kisha kikague peke yake.

(e) Usiku pia uhesabiwe. Walezi wengi hupoteza hesabu kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na hizo ni saa tisa nzima. Mtoto akiwa na homa kali, amka mara moja katikati ya usiku umguse nepi.

Kiasi gani ni kidogo mno? Hospitalini hupima hivi: mtoto aliyezidi mwaka mmoja anatakiwa atoe angalau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa. Mtoto mchanga anatakiwa atoe karibu mililita moja kwa kila kilo. Tuligeuze kuwa hesabu ya jikoni. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anayetoa chini ya kijiko kimoja cha chai kwa saa yuko hatarini. Kwa saa sita, hivyo ni vijiko sita tu, kiasi cha kulowesha nepi ya kitambaa kidogo. Kama hata hicho hakipatikani, kuna tatizo. Mtoto mzima wa afya hutoa zaidi ya hapo.

Shika kanuni hii:
- Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mgonjwa, hajakojoa kwa saa 6: nenda kituo cha afya sasa.
- Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, mgonjwa, hajakojoa kwa saa 8: nenda kituo cha afya sasa.
- Mtoto aliyezaliwa akamaliza saa 24 bila kukojoa hata mara moja: nenda sasa, hata kama hana homa.

Neno "sasa" lina maana ya saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa nane usiku.

6. MKOJO UPO, LAKINI MTOTO ANAZIDIWA

Hapa tuwe waangalifu. Kuna watoto ambao figo zao zimeumia na bado wanakojoa. Chujio limetoboka, maji yanapita lakini taka zinabaki. Kwa hiyo mkojo ukiwepo, usiseme kwamba figo ni salama. Tazama pia dalili hizi:

- anashindwa kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu;
- anapata degedege;
- amelegea, anasinzia sana, au haamki vizuri;
- mikono na miguu ni baridi wakati mwili una joto;
- anapumua haraka au kwa kuvuta sana, wakati kifua hakina kikohozi;
- macho au uso umevimba asubuhi, au miguu imevimba;
- macho yamekuwa ya manjano.

Jaribu pia kipimo cha ukucha. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mtoto mpaka uwe mweupe, kisha achia. Hesabu taratibu moja, mbili, tatu. Rangi inatakiwa irudi kabla hujamaliza tatu. Ikichelewa, damu haifiki vizuri, na kama haifiki kwenye kidole huenda haifiki vizuri kwenye figo pia.

Dalili moja tu kati ya hizi inatosha. Usingoje zitimie mbili.

7. YA KUFANYA NA YA KUEPUKA

Fanya haya:
- Endelea kumnyonyesha. Kama anahara na anaweza kumeza, mpe maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, hata mkiwa njiani.
- Kwa homa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na isizidi mara nne kwa saa 24.
- Beba dawa zote alizopewa, pamoja na chupa na makaratasi yake.

Epuka haya:

Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki mtoto mwenye homa kali, anayehara au asiyekojoa vizuri. Dawa hizi huuzwa madukani kama pipi, na homa hushuka kweli. Lakini zinapunguza damu inayoingia kwenye figo, wakati figo tayari zina upungufu. Ni sawa na kufunga bomba la nyumba ambayo maji yake ni haba.

Usimpe dawa ya mitishamba, na usimwingizie dawa kwa njia ya haja kubwa. Ninajua wazee wetu walitulea kwa dawa hizo, na siwadharau. Lakini figo zilizoumia haziwezi kuondoa kitu kikali mwilini, na hakuna ajuaye kipimo sahihi cha mtoto wa kilo nane. Kama umekwisha kumpa, mwambie daktari bila kuona aibu. Hatakukamata. Anahitaji kujua tu.

Usinunue sharubati ya dawa isiyojulikana inakotoka. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto karibu 70 walifariki kwa kuharibika figo, na uchunguzi ulihusisha vifo hivyo na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na sumu ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwezi Oktoba mwaka huo. Zilikuwa chupa za kawaida zenye lebo nzuri.

Usilazimishe dripu. Hapa Kampala mtu akiugua kidogo tu hutaka atundikiwe dripu, na ziko kliniki ndogo zinazokubali kwa sababu zinalipwa. Kati ya 2009 na 2011 ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa FEAST, katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, Mulago ikiwemo. Ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali ambao damu yao haikuzunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi: karibu 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, wakati wale ambao hawakumiminiwa haraka walifariki 7 katika kila 100. Wengi walishangaa. Tunajifunza kwamba maji ya mshipani ni dawa, na dawa ina kipimo. Mtoto aliyekauka kwa kuhara anayahitaji, na watoto wa namna hiyo hawakuwa sehemu ya utafiti ule. Mtoto ambaye figo zimefunga anaweza kuzama nayo. Mwache daktari aamue.

8. UKIFIKA KITUONI, SEMA HIVI

Foleni ni ndefu na wahudumu wamechoka. Usisubiri kuulizwa. Mara tu unapopokelewa sema: "Mtoto wangu ana homa, na hajakojoa tangu saa fulani." Maneno hayo machache yanaweza kukutoa nyuma ya foleni na kukuweka mbele.

Kama hujui lugha ya pale, onyesha karatasi yako. Hapa Kampala wahudumu wengi husema Kiganda na Kiingereza, na kwa Kiganda mkojo huitwa omusulo. Jihadhari na jambo moja dogo. Sisi tukiandika saa 2 asubuhi, mhudumu anaweza kusoma saa mbili ya Kizungu, ambayo ni saa nane. Andika pia neno "asubuhi", "mchana" au "usiku", na uonyeshe kwa vidole ni saa ngapi zimepita. Mfano wa karatasi nzuri ni huu:

Jumatatu, saa 12 asubuhi: mwingi, manjano.
Jumatatu, saa 6 mchana: kidogo, umekolea.
Jumatatu, saa 1 usiku: hakuna.
Jumatatu, saa 3 usiku: hakuna. Tunakwenda kituoni.

Uliza pia kama mtoto anaweza kupimwa figo. Kipimo cha damu kinachotumika sana huitwa kriatinini. Vituo vidogo vingi havina kipimo hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupewa rufaa kwenda kituo kikubwa au hospitali. Ukipewa rufaa usiikatae. Jua pia kwamba kriatinini huchelewa. Inaweza kuchukua siku moja au mbili kupanda baada ya figo kuumia, ndiyo maana madaktari huirudia. Watafiti wa hapa wamechunguza protini nyingine iitwayo NGAL, ambayo hupanda mapema zaidi, lakini bado si kipimo cha kawaida katika vituo vyetu. Kwa hiyo karatasi yako ya mkojo inaweza kutoa habari kabla ya maabara.

Mtoto akilazwa, endelea kuhesabu. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na wagonjwa wengi, wewe una mmoja. Baadhi ya sindano zinazoua vijidudu vya sepsisi, kama vile jentamisini, zinahitaji uangalifu figo zikiwa dhaifu. Usizikatae, kwa sababu bila dawa sepsisi huua. Wewe mjulishe muuguzi kila mara mkojo unapopungua, naye daktari atarekebisha kipimo.

Watoto wachache huhitaji kusafishwa damu mpaka figo zipumzike na kupona. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali chache kubwa, na wengi wa wanaoihitaji huletwa Kampala. Safari ni ndefu kutoka Nakivale au Kyangwali, ndiyo sababu nyingine ya kuwahi.

Kumbuka haki yako. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na utaratibu wa serikali, mkimbizi hutibiwa katika vituo vya afya vya serikali kama mwananchi. Beba kitambulisho au karatasi ya familia kama unayo, lakini usichelewe kwa kukitafuta.

9. BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Furaha ya kuruhusiwa isikufanye usahau. Tafiti za hapa Uganda zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliotibiwa maambukizi makali hufariki katika miezi inayofuata, baada ya kuruhusiwa. Kwa hiyo:
- rudi siku uliyopangiwa, hata kama mtoto anaonekana mzima;
- omba apimwe presha na mkojo, na kama aliumia figo, apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi;
- homa ikirudi, usianze upya kusubiri. Nenda siku ya kwanza;
- kila umpelekapo mtoto kutibiwa, sema: "Mtoto huyu aliwahi kuumia figo." Iandike kwenye kitabu chake cha kliniki;
- alale ndani ya chandarua, na amalize chanjo zake.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

Msomee jirani yako maswali haya, hasa asiyejua kusoma.

Swali la 1. Mtoto wa miezi minane ana homa. Nepi yake ni kavu tangu saa 12 jioni na sasa ni saa 6 usiku. Tusubiri asubuhi?
Jibu: Hapana. Saa 6 zimetimia. Mpelekeni sasa, mkimnyonyesha njiani.

Swali la 2. Mtoto wa miaka mitatu ana malaria. Anakojoa sana lakini mkojo ni kama Coca-Cola. Je, figo zake ni salama kwa sababu anakojoa?
Jibu: Hapana. Rangi hiyo ni ya hatari. Aende kituoni mara moja.

Swali la 3. Muuza dawa anasema ibuprofeni hushusha homa haraka kuliko parasetamoli. Mtoto anahara na hajakojoa vizuri. Tununue?
Jibu: Hapana. Inaweza kuzidisha kuumia kwa figo.

Swali la 4. Bibi anasema mtoto asiyekojoa ni kwa sababu hakunywa maji tu. Je, ni kweli?
Jibu: Inawezekana. Lakini kwa mtoto mgonjwa hatuwezi kubahatisha. Apewe maji kwa kijiko na apelekwe kupimwa.

HITIMISHO

Sisi wahudumu wa kujitolea tumeongeza swali la mkojo kwenye maswali yetu ya kila nyumba mtaani kwetu. Mimi huliuliza la kwanza kabisa, hata kabla ya homa. Nawe pia, ukimtembelea jirani mwenye mtoto mgonjwa, muulize amekojoa lini mara ya mwisho. Akishindwa kujibu, msaidie kuanza kuhesabu saa hiyo hiyo. Na ukiona kamba ya nguo haina nepi, usifikiri ni sabuni iliyokwisha. Piga hodi, uulize.

Mkimaliza karatasi hii, mpatieni mwingine.